Mstari Uliochorwa Mchangani: Katika Njia ya Jangwa la Atacama



Kila mwaka vijana wengi, hasa kutoka Ulaya na Amerika ya Kaskazini, hujitwika shanta mgongoni na kulizunguka bara la Amerika ya Kusini kwa njia ya nchi kavu. Hupanda mabasi, teksi za kuchangia na magari ya jangwani, wakitoka Peru kuingia Chile, kisha wakipanda milima kuelekea Bolivia. Njia yao hukatiza jangwa la Atacama, na warudipo makwao husimulia habari za nyota, za chumvi nyeupe isiyo na mwisho, na za foleni katika miji ya mpakani.

Juma hili tumependa kuifuata njia hiyo kwa fikra, tukiyaweka macho yetu juu ya mipaka yenyewe kuliko juu ya mandhari. Msafiri huyo huvuka kwa muda wa saa moja mstari ambao watu waliumwagia damu tangu mwaka 1879, wakaendelea kuubishania hadi mwaka 1929. Ni vema basi tujiulize: mstari ule ulifikaje pale mchangani? Nani aliulipia? Na je, leo hii unamfungia nani njia?

Tuanze na jangwa lenyewe. Atacama ndilo jangwa kavu kuliko yote duniani, tukiacha yale ya barafu ya ncha za dunia. Upande wa mashariki milima ya Andes huyazuia mawingu yatokayo Amazonia. Upande wa magharibi mkondo baridi wa bahari huifanya hewa itoe ukungu lakini isitoe mvua. Katika mji wa Arica, tangu Oktoba 1903 hadi Januari 1918, yaani miezi 173 mfululizo, haikupimwa mvua yoyote. Hata hivyo watu waliishi hapo tangu zamani sana. Wavuvi wa kale ambao wataalamu huwaita Wachinchorro walikuwa wakizihifadhi maiti za wapendwa wao kwa ustadi mkubwa miaka ipatayo 7,000 iliyopita, kabla ya Wamisri kuanza kufanya hivyo. Wala hawakuwahifadhi wakuu peke yao, bali hata watoto wachanga. Maiti hizo zimedumu kwa sababu ya ukavu wa ardhi, na mwaka 2021 UNESCO iliyaingiza makaburi hayo katika orodha ya Urithi wa Dunia. Jangwa hili basi lina tabia ya kutunza kila kinachowekwa ndani yake: mifupa, nyayo, hata reli.

Nchi za Amerika ya Kusini zilipojitenga na Hispania mwanzoni mwa karne ya 19, hakuna aliyejishughulisha sana na mahali hasa mpaka ulipopita katika Atacama. Nani angegombania nchi isiyoota jani? Mambo yalibadilika pale ilipojulikana thamani ya shura, yaani chumvi ya naitreti, iliyolala juu juu ya ardhi ile. Shura ilikuwa mbolea kwa mashamba yaliyochoka ya Ulaya, na tena ilikuwa malighafi ya baruti. Kitu kimoja kilichoweza kulisha na kuua! Wakati huo mkoa wa Tarapacá ulikuwa wa Peru, na pwani ya Antofagasta ilikuwa ya Bolivia. Lakini huko Antofagasta wafanyakazi wengi walikuwa Wachile, na mtaji ulikuwa wa Wachile na Waingereza.

Mwaka 1874 Bolivia na Chile zilikubaliana kwamba kwa miaka 25 kodi za makampuni ya Kichile katika eneo hilo zisipandishwe. Mwaka 1878 Bolivia ikatoza kodi ya senti 10 kwa kila kwintali ya shura, yaani takriban kilo 46. Kampuni ikakataa kulipa. Serikali ya Bolivia ikaamuru mali yake ikamatwe na kupigwa mnada tarehe 14 Februari 1879. Siku hiyohiyo askari wa Chile wakashuka Antofagasta na kuutwaa mji. Kwa kuwa Peru ilikuwa imefunga mkataba wa siri wa kusaidiana na Bolivia tangu mwaka 1873, nayo ikaingizwa vitani, na tarehe 5 Aprili 1879 Chile ikatangaza vita dhidi ya nchi zote mbili. Senti kumi! Bila shaka chini ya senti hizo zilikuwapo tamaa kubwa zaidi. Msomaji wa Biblia atalikumbuka shamba la mizabibu la Nabothi, ambalo Mfalme Ahabu hakulihitaji ili aishi, ila alilitamani kwa sababu lilikuwa karibu na nyumba yake.

Hatutaeleza mapigano yote. Yatosha kutaja jambo moja lililotokea baharini mbele ya mji wa Iquique, tarehe 21 Mei 1879. Nahodha Mchile Arturo Prat aliuawa akiwa juu ya sitaha ya meli ya adui, Huáscar. Kamanda wa meli hiyo, Mperu Miguel Grau, alimwandikia mjane wa Prat barua ya heshima, akamrudishia vitu vya marehemu mumewe pamoja na upanga wake. Miezi michache baadaye, tarehe 8 Oktoba 1879, Grau naye aliuawa vitani. Hadi leo anaheshimiwa katika nchi zote mbili, kwa sababu alimpiga adui bila kuacha kumwona kuwa ni mume wa mtu.

Mei 1880 Tacna ilianguka, Juni ikaanguka Arica, na Januari 1881 askari wa Chile wakaingia Lima, mji mkuu wa Peru. Kwa mkataba wa Ancón, tarehe 20 Oktoba 1883, Peru iliitoa Tarapacá moja kwa moja. Bolivia ilipoteza pwani yake yote. Lakini kuhusu Tacna na Arica iliamuliwa kwamba zikae chini ya Chile kwa miaka 10, kisha wenyeji wapige kura ya maoni kuamua watakuwa wa nchi gani. Miaka 10 ikapita, ikapita 20, ikapita 30. Kura hiyo haikupigwa kamwe.

Hapa, wapendwa, ndipo historia hii inapoingia mlangoni mwa kanisa. Mwaka 1901 wananchi wa Tacna wenye asili ya Peru waliomba bendera yao ibarikiwe kanisani, na kuichukua kwa maandamano barabarani. Watawala Wachile waliruhusu, kwa sharti kwamba kusiwe na kelele wala shangwe. Watu wakaandamana kimya. Hakuna wimbo uliosikika, na hata hivyo kila mtu alielewa. Maandamano ya bendera hufanyika Tacna hadi leo kila tarehe 28 Agosti. Kisha mwaka 1910 mapadre Waperu wa Tacna na Arica, waliokuwa chini ya Askofu wa Arequipa nchini Peru, walifukuzwa na serikali ya Chile. Tufikirie maana yake kwa mwamini wa kawaida: mgonjwa anayehitaji Mpako, mtoto anayesubiri Ubatizo, wachumba wanaotaka kufunga ndoa, wote wakaambiwa kwamba padre wao ni mgeni. Mstari uliochorwa kwa ajili ya shura ulikuwa sasa umefika altareni.

Suala hilo lilimalizwa kwa mkataba wa tarehe 3 Juni 1929. Tacna ikarudi Peru, Arica ikabaki Chile, na Chile ikalipa dola milioni 6. Wakaazi wa miji hii miwili, ambayo ilikuwa imeunganishwa kwa reli tangu mwaka 1856, wakajikuta katika mataifa mawili.

Leo msafiri mwenye shanta hupanda teksi ya kuchangia katika kituo cha Tacna. Safari ni ya chini ya kilometa 60. Katika kituo cha Santa Rosa anagongewa muhuri wa kutoka Peru, na huko Chacalluta anagongewa wa kuingia Chile, ambapo maofisa hukagua mizigo wakitafuta matunda, kwa maana Chile inayalinda mashamba yake dhidi ya wadudu waharibifu. Wengi huyala machungwa yao haraka haraka kabla ya kufika mezani. Ni kero ndogo, na watu huicheka. Lakini katika miaka ya 1970, wakati wa utawala wa kijeshi wa Jenerali Augusto Pinochet, Chile iliogopa kuvamiwa na majirani zake ikatega mabomu ya ardhini yapatayo 180,000 katika mipaka yake, na sehemu ya mabomu hayo ilikuwa hapahapa. Mnamo Februari 2012 mafuriko yaliyasogeza mabomu hadi karibu na barabara kuu, ikabidi njia ifungwe. Kazi ya kuyaondoa yote ilikamilika Februari 2020. Kuyatega kulichukua miaka michache. Kuyaondoa kulihitaji kizazi kizima cha watu waliochokoa mchanga polepole.

Tukiendelea kusini tunafika Iquique, na juu yake katika tambarare kavu yapo magofu ya Humberstone na Santa Laura, yaliyokuwa makazi na viwanda vya shura. Wageni hutembea ndani yake wakipiga picha: jumba la maonyesho, bwawa la kuogelea la chuma, vitanda vilivyokauka. Yafaa wajue jinsi watu walivyoishi pale. Katika viwanda vya shura wafanyakazi walitoka Chile, Peru, Bolivia na Argentina. Mara nyingi hawakulipwa fedha halisi, bali vipande vilivyopigwa chapa ya kampuni, ambavyo viliweza kununua vitu katika duka la kampuni hiyo tu, kwa bei na kwa mizani ya kampuni.

Desemba 1907 maelfu ya wafanyakazi hao waligoma, wakashuka hadi Iquique pamoja na wake na watoto. Madai yao yalikuwa ya kiasi: walipwe kwa thamani halisi ya fedha, wawe na mizani ya kuhakikishia uzito, yawekwe mavyuma ya kukinga watu wasitumbukie katika mapipa ya kuchemshia shura, na ziwepo shule za jioni. Wakapewa mahali pa kukaa katika shule ya Santa María. Inasimuliwa kwamba mabalozi wadogo wa Peru na Bolivia waliwasihi raia wao watoke ili wasalimike, nao wakakataa kuwaacha wenzao Wachile. Tuzingatie: hawa walikuwa watoto wa watu waliouana vitani miaka 28 tu kabla! Tarehe 21 Desemba 1907 askari chini ya Jenerali Roberto Silva Renard waliwafyatulia risasi. Makadirio ya waliokufa hutofautiana sana, toka zaidi ya 100 hadi zaidi ya 2,000. Wale ambao mstari uliwatenga waliunganishwa na ugumu wa kazi, na kifo nacho hakikuwauliza uraia wao.

Na shura yenyewe je? Mwaka 1913 kiwanda cha Oppau huko Ujerumani kilianza kutengeneza amonia kwa kutumia naitrojeni ya hewani, kwa njia iliyogunduliwa na Fritz Haber na kukuzwa na Carl Bosch. Kuanzia hapo mbolea na baruti havikuihitaji tena Atacama kama zamani. Viwanda vikafungwa kimoja baada ya kingine, na Humberstone ikafungwa mwaka 1960. Makazi mengine ya shura, Chacabuco, yaligeuzwa kambi ya wafungwa wa kisiasa baada ya mapinduzi ya mwaka 1973. Katika mji wa Calama, Oktoba 1973, wanaume 26 waliuawa na askari na kuzikwa kwa siri jangwani. Wake, mama na dada zao walitoka na sepetu mwaka baada ya mwaka kuwatafuta, hadi mwaka 1990 vilipopatikana vipande vya mifupa, kwa kuwa miili yenyewe ilikuwa imehamishwa. Shura iliisha kazi yake. Mstari ulibaki, na desturi ya kulitumia jangwa kama mahali pa kuficha nayo ilibaki.

Kutoka San Pedro de Atacama magari ya wasafiri hupanda kuelekea Bolivia kupitia kituo cha Hito Cajón, kilicho juu ya mita 4,000, mahali ambapo kichwa huuma na pumzi huwa fupi. Siku ya tatu huufikia uwanda wa chumvi wa Uyuni, wenye zaidi ya kilometa za mraba 10,000. Karibu na mji wa Uyuni vichwa vya garimoshi vya zamani vinazeeka mchangani, masalio ya reli iliyoshusha madini hadi bandari ambayo Bolivia haikuwa nayo tena. Kwa mkataba wa tarehe 20 Oktoba 1904 Bolivia ilikubali kuipoteza pwani, nayo Chile ikajenga reli ya kutoka Arica hadi La Paz, iliyofunguliwa mwaka 1913. Hata hivyo moyo wa Bolivia haukutulia. Kila tarehe 23 Machi nchi hiyo huadhimisha Siku ya Bahari, na ingawa haina pwani bado ina jeshi la majini. Tarehe 1 Oktoba 2018 Mahakama ya Kimataifa ya Haki huko The Hague iliamua, kwa kura 12 dhidi ya 3, kwamba Chile haikuwa na wajibu wa kisheria wa kujadiliana nayo juu ya njia ya kufikia bahari. Na sasa chini ya chumvi za jangwa hilohilo, upande wa Chile na upande wa Bolivia, kuna lithi inayotumika katika betri za simu na magari. Wenyeji wa nyanda hizo wanauliza maji yao yatakuwaje. Ni nani atakayesema kwamba habari ya shura imekwisha?

Lakini historia haina kurasa za huzuni tu. Katika mwaka uleule wa 1904, tarehe 13 Machi, kusini zaidi katika milima ya Andes, Chile na Argentina zilizindua sanamu ya Kristo Mkombozi mpakani mwao, zaidi ya mita 3,800 juu ya bahari. Nchi hizo zilikuwa zimekaribia kupigana, zikakubali usuluhishi na kupunguza silaha. Mwaka 1978 zilikaribia tena kupigana, safari hii kwa ajili ya visiwa vya mkondo wa Beagle. Papa Yohane Paulo II alimtuma Kardinali Antonio Samorè, mzee aliyekuwa na umri wa zaidi ya miaka 70. Majadiliano yalikuwa ya polepole, na Kardinali mwenyewe alifariki mwaka 1983 bila kuyaona matunda yake. Mkataba wa amani ulitiwa sahihi Vatikani tarehe 29 Novemba 1984. Kumbe inawezekana mpaka ukakubaliwa bila kaburi jipya kuchimbwa!

Tumesema habari za msafiri mwenye shanta. Yuko msafiri mwingine katika njia hizi, naye pia amebeba begi mgongoni, na mara nyingi mtoto kifuani. Huyu anatoka Venezuela. Anashuka kutoka Bolivia na kuingia Chile kwenye kijiji cha Colchane, kilichoko mita zipatazo 3,700 juu ya bahari, ambako usiku huwa na baridi kali. Mwaka 2021 maelfu walipita hapo, na baadhi yao walikufa njiani. Waliofika Iquique walilala viwanjani. Tarehe 24 Septemba 2021 polisi waliwaondoa katika uwanja mmoja wa mji. Kesho yake waandamanaji waliyachoma moto mahema yao, magodoro yao, hata vitu vya kuchezea vya watoto.

Mji ni uleule, Iquique. Mwaka 1907 maskini wa mataifa matatu walikataa kuachana hapo hata mbele ya bunduki. Mwaka 2021 hapohapo moto uliwashwa juu ya magodoro ya maskini. Na ni katika fukwe za mji huohuo Papa Fransisko aliadhimisha Misa tarehe 18 Januari 2018, akatafakari Arusi ya Kana, akawaalika waamini wawe na macho kama ya Maria aliyeona kwamba divai imekwisha, wawatambue wahamiaji wanaonyonywa kazini na wasio na makao.

Tofauti kati ya wasafiri wetu wawili haiko katika mwendo wala katika uzito wa mzigo. Wote hukanyaga mchanga uleule. Mmoja ana pasipoti inayofungua milango, na mstari kwake ni muhuri wa ukumbusho. Mwingine hana, na mstari kwake ni ukuta. Sisi hatusemi kwamba mataifa yasiwe na mipaka. Torati yenyewe inamkemea anayesogeza alama ya mpaka wa jirani yake, kwa sababu mpaka wa haki humlinda mnyonge. Torati hiyohiyo pia inaamuru mgeni apendwe. Mpaka unaolinda tamaa ya mwenye nguvu na kumfungia nje mwenye njaa umegeuzwa kinyume cha kazi yake.

Kila tarehe 16 Julai, katika kijiji cha La Tirana jangwani, maelfu ya mahujaji humchezea ngoma Bikira Maria wa Mlima Karmeli, wakiwa wamevaa mavazi ya rangi nyingi na vinyago ambavyo mizizi yake iko Chile, Peru na Bolivia vilevile. Pembe na ngoma hulia usiku na mchana. Askari wa mpakani angetaka kuzitenganisha ngoma hizo kwa utaifa, asingeweza. Basi, wapendwa, tuwaombee wote walio njiani juma hili, wenye pasipoti na wasio nayo. Na tukikutana na mgeni mwenye begi mgongoni, kabla hatujamwuliza hati zake, tumwulize kwanza kama amekula.

Mungu awabariki nyote.